Maswali ya wasomaji: Kwa nini "raia" halipigiwi makofi

SWALI: Nafundisha Kiswahili kidato cha nne. Wanafunzi wakichambua hotuba huishia kuandika "mzungumzaji ametumia maneno ya kizalendo", basi. Ukifungua kamusi, "raia" na "mwananchi" ni kama pacha, lakini mikutano yote ya Uwanja wa Furahisha niliyohudhuria sijasikia mtu akianza na "Raia wenzangu!" Niwaoneshe vipi tofauti?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Mwalimu, anza na neno jirani. Tunasema "raia wa kigeni", lakini hakuna asemaye "mwananchi wa kigeni". "Raia" lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya watu walio chini ya mtawala, na mpaka leo linanuka ofisi: karatasi za uraia, askari waliovaa kiraia. "Mwananchi" ni mwana na nchi, mtoto wa ardhi yenyewe. Maana za msingi zinakaribiana, ila maana dokezi, yaani hisia zinazofuatana na neno, ndiyo inayoamsha uwanja.

Kisha wape sentensi mbili tatu, si hotuba nzima. Kwenye "Tuilinde nchi yetu" waweke "dola", halafu "serikali", wasome kwa sauti kila mara. Ikifika "serikali", ulinzi unageuka kazi ya watumishi wanaolipwa, na joto linapungua hapo hapo.

Azimio la Arusha la 1967 lina mfano mzito zaidi: tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa, kila kimoja kikifuatwa na "kiasi cha kutosha". Waambie wakikate "tumenyonywa". Mzizi ni kunyonya, tendo la mtoto kwa mama, halina ubaya wowote. Ubaya unaletwa na anayenyonya. Zama zile mnyonyaji aliitwa kupe, na kwa mfugaji wa Usukuma kupe si tamathali ya kitabuni: amemng'oa kwenye sikio la ng'ombe, amevimba damu, kichwa kimegoma kutoka. Halafu kuna -w- ya kutendwa. Mtendaji hatajwi, kwa hiyo kila msikilizaji anamjaza wa kwake: mkoloni, mnunuzi wa pamba, bwana shamba. Ukiandika "Wakoloni walitunyonya", umewapoteza wote wenye kinyongo kingine.

Sasa kosa ninaloliona mara nyingi. Wakipewa hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978, baada ya jeshi la Idi Amin kuvamia Kagera, wanarukia "nduli", jina alilobandikwa Amin, kwa sababu lina kelele, wanaliacha "kumpiga". Hiyo -m- ni ya mtu mmoja. Ingekuwa "kuwapiga", adui angekuwa Waganda, na mwambao huu watu wana mashemeji ng'ambo ya ziwa. Waangalie na mpangilio: "uwezo wa kumpiga tunao". Ukisema "tuna uwezo wa kumpiga" umetoa taarifa. Ukitanguliza "uwezo" na kufunga na "tunao", umemjibu mtu aliyetilia shaka.

Kwenye kusahihisha, usitoe alama kwa "limeamsha hisia". Mwanafunzi ataje neno lililochaguliwa, lililoachwa, na hisia ipi kwa msikilizaji yupi. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, bado hajachambua.

SWALI: Neno la kizalendo linaweza kuchuja?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Sana tu, na linachujishwa na matumizi. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja". Kumwita mkubwa "ndugu" badala ya "bwana" kulikuwa kumshusha kwenye kiti mkakaa naye mkeka mmoja. Baadaye neno likaingia kwenye barua za ofisi, kila barua, hata ya kukuonya kazini. Msemaji wa leo akilitaka liume tena hana budi kuliongezea kitu: "ndugu zangu", au alitamke polepole akiwa ameshuka jukwaani. Likiachwa peke yake, msikilizaji anasubiri limalizike kama alivyozoea kwenye simu: "Ndugu mteja, salio lako halitoshi."