Uliza Ujibiwe: Muda wa Mzunguko Hauletwi na Turbo Pekee

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003. Nimebadilisha bomba la moshi na njia ya kuingizia hewa, kisha fundi akaongeza kwa kompyuta presha ya turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nilipokwenda kuendesha katika uwanja uliofungwa, mizunguko ya kwanza ilinipendeza sana, lakini kuanzia mzunguko wa nne muda wangu ulirudi nyuma kwa sekunde tatu na pedali ya breki ikawa inazama karibu na sakafu. Fundi ananishauri ninunue turbo kubwa zaidi. Je, nimfuate? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiinunue turbo hiyo kwanza, na usirudi uwanjani kabla breki hizo hazijafanyiwa kazi. Pedali inayozama ni onyo kubwa kuliko sekunde tatu ulizopoteza.

Fikiria kazi uliyoipa breki. Gari lenye uzito wa kilo 1,400 likishuka kutoka kilomita 150 kwa saa hadi 70 kabla ya kona, nishati inayopaswa kuondoka ni karibu kilojuli 950, na sehemu yake kubwa hugeuka kuwa joto katika diski na pedi. Joto la kiasi hicho lingetosha kuchemsha karibu lita tatu za maji ya chai, nawe unalitoa ndani ya sekunde chache, kisha unalirudia katika kona inayofuata kabla diski hazijapoa. Wengi wetu tuliipenda Impreza kwa sababu ya Safari Rally, ambako Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, lakini mwendo wa vumbi si mwendo wa lami. Lami hushika tairi kwa nguvu, dereva hukanyaga breki kwa nguvu zaidi, na joto hupanda kwa kasi ambayo breki za gari la kwenda kazini hazikutengenezewa.

Sasa tutofautishe dalili mbili, kwa maana tiba zake si moja. Ikiwa pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami, pedi ndizo zilizozidiwa na joto, na unahitaji pedi za mchanganyiko unaostahimili joto la uwanjani. Ikiwa pedali inakuwa laini na kuzama, kama yako, yaelekea mafuta ya breki yamechemka, kwa sababu mvuke hubonyea na mafuta hayabonyei. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwa hiyo chupa iliyokaa wazi dukani si ya bei nafuu hata ukiipewa bure. Mwambie fundi akague kwanza kama kuna mafuta yanayovuja na kama silinda kuu ya breki ni nzima, kisha amwage mafuta yote ya zamani, ajaze mapya na kutoa hewa katika magurudumu yote manne. Ukiwa uwanjani, mzunguko wa mwisho uendeshe polepole ili upepo upoze diski, na ukiegesha usivute breki ya mkono, bali uache gari kwenye gia na uweke jiwe nyuma ya gurudumu.

Kuhusu injini, nashuku kwamba nayo ilichangia. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya pwani. Turbo hufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na ikizunguka hivyo hewa inayoingia huwa ya moto zaidi. Isitoshe, iwapo gari lako liliagizwa likiwa limetumika Japani, huenda kompyuta yake ilipangwa kwa petroli ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati), ambayo haipatikani katika vituo vyetu vya kawaida. Kompyuta ikisikia injini inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani yake, huchelewesha cheche ili kuiokoa, na hapo nguvu hupungua mzunguko baada ya mzunguko. Rudisha presha ya turbo ilivyotoka kiwandani hadi utakapompata fundi anayepima mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kifaa, si kwa sikio. Pia, kabla ya kila awamu ya kuendesha uwanjani, hakikisha oili ya injini imefika alama ya juu ya kijiti, kwani katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa. Nimeona injini nzuri ikifa hivyo, na mwenyewe akasimama kando yake bila neno.

SWALI: Ninaendesha Toyota Mark X ya lita 2.5. Ninapima muda kwa simu, na rafiki yangu aliyeketi kando na saa ya mkononi hupata muda tofauti. Zaidi ya hayo, nikilinganisha na video za Tsukuba, uwanja wa mbio wa Japani, ninaona aibu. Nifanye nini? — Msomaji, Kakamega

JIBU: Aibu hiyo iweke kando. Tsukuba ina urefu wa mita 2,045 na iko katika nchi tambarare isiyo mbali na usawa wa bahari, na wale wanaoshuka chini ya dakika moja huenda kwa magari yaliyojengwa kwa kazi hiyo tu. Injini yako haina turbo, kwa hiyo kila unapopanda mlima inapungukiwa hewa. Muda wa uwanja mmoja haulinganishwi na wa mwingine.

Simu nyingi hupokea mahali gari lilipo mara moja tu kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari husafiri karibu mita 28 katika sekunde hiyo, na programu hulazimika kukisia ni lini hasa ulipita mstari. Kipokezi cha nje kinachopima mara kumi kwa sekunde hupunguza pengo hilo hadi mita tatu hivi. Saa ya mkononi nayo hutegemea kidole cha rafiki yako.

Hata hivyo, mimi ningekuomba uache kuutazama mzunguko wako bora pekee, uandike yote. Dereva ambaye mizunguko yake sita inatofautiana kwa nusu sekunde anaweza kujua kama tairi jipya limemsaidia, ilhali yule anayetofautiana kwa sekunde nne hawezi kujua lolote, hata akibadilisha gari zima. Kisha tazama mwendo wako wa kutoka kwenye kona inayotangulia sehemu ndefu iliyonyooka. Ukipita mita 400 kwa wastani wa kilomita 115 kwa saa badala ya 110, umeokoa zaidi ya nusu sekunde, na mara nyingi hilo hupatikana kwa kupunguza mwendo mapema kidogo, kusubiri gari ligeuke, kisha kukanyaga mafuta mara moja bila kuyaachia.

SWALI: Nitatoka Kisumu jioni na kuendesha uwanjani Nakuru asubuhi. Nijaze upepo wa tairi nyumbani? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Jaza wa safari tu. Kwa kuwa Nakuru iko juu kuliko Kisumu kwa mita 700 hivi, kipimo chako kitaonyesha takriban pauni moja zaidi, lakini baridi ya asubuhi huweza kupunguza pauni mbili au zaidi, hivyo namba ya nyumbani haitakuwa na maana. Beba kipimo chako mwenyewe, pima tairi likiwa baridi pale uwanjani, na upime tena mara tu unapotoka kwenye awamu ya kwanza, kabla ya kusalimiana na mtu yeyote.