Kauri za namna tatu, je, ni aina tatu?

SWALI: Assalamu alaikum. Niko Jambiani, natunga vidani vya kauri. Nikimwaga mfuko wangu naona namna tatu: zenye pete ya manjano mgongoni, zisizo na pete zenye rangi ya zambarau, na nyengine nyepesi, mdomo mpana, ambazo nikizitia keekee tu zinapasuka. Ni aina tatu? Na mbona nilipoziroweka kwenye siki ili zitoke harufu zimefifia kama chaki?

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Kwa ulivyozieleza, zote ni kauri mmoja. Kitaalamu anaitwa Monetaria annulus, jina alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1758, na hilo annulus ni Kilatini, maana yake pete.

Tuanze na zile zinazopasuka, maana ndizo zinazokutia hasara. Hao ni watoto. Kauri mchanga hafanani kabisa na kauri tunayemjua: gamba lake ni jembamba, mdomo uko wazi na hauna meno. Akishafikia kimo chake, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, meno yakaota pande zote mbili, na mlango ukabaki ufa mwembamba. Tangu hapo harefuki tena, anazidi unene tu. Kwa hiyo usipime umri kwa ukubwa. Geuza gamba, tazama meno. Kauri mdogo kama ukucha wa kidole gumba mwenye meno yaliyokomaa ni mtu mzima, na huyo atastahamili keekee. Asiye na meno mwache pwani, hakufai wewe wala soko lako.

Za zambarau ni kauri waliokufa zamani wakasuguliwa na mchanga. Akiwa hai, konokono huyu hutoa nyama laini kutoka pande mbili za mdomo, ikapanda mpaka kukutana mgongoni, ikamfunika kama joho. Nyama hiyo ndiyo inayopaka gamba tabaka juu ya tabaka, na ndiyo sababu kauri hung'ara bila ya mtu kumsugua. Akifa, hakuna tena wa kupaka. Mawimbi huanza kula mgongo, pete inatoka, na rangi ya zambarau iliyokuwa imefichwa chini inajitokeza. Mimi binafsi nazipenda hizo kuliko zenye pete, na kuziokota hakuui kitu.

Ila ukikuta kauri mwenye pembe pembe, manjano mgongo mzima, huyo ni mwengine: Monetaria moneta, ndugu yake. Hao wa visiwa vya Maldives ndio waliokuwa fedha Afrika Magharibi kwa karne nyingi. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, wakaanza kuchukua huyu wetu mwenye pete kutoka Zanzibar kupeleka huko, kwa sababu alipatikana kwa bei ya chini. Wakapeleka shehena kwa shehena mpaka fedha hiyo ikashuka thamani.

Sasa siki. Gamba lote ni chokaa, jamii moja na mawe ya matumbawe tunayochoma kwenye tanuu. Ile povu uliyoiona kwenye bakuli ilikuwa gamba lenyewe likiyeyuka, na mng'aro uliokwisha kuliwa haurudi. Unaweza kupaka mafuta kidogo, yatakudanganya kwa muda. Nyengine utakazopata, usizitie siki, zifukie kwenye mchanga mkavu kivulini mpaka nyama ioze na wadudu wamalize kazi, kisha zisuuze kwa maji baridi. Usizianike juani siku nyingi, rangi inapauka.

Na ukienda pwani maji yakipwa, ukigeuza jiwe ukamkuta kauri hatikisiki, amelalia kitu kama kishada cha vidonge vidogo, huyo ni jike amefunika mayai yake. Rudisha jiwe taratibu kama ulivyolikuta.