Binti ana PCB na hajui asome nini: jibu kwa mzazi wa Mafinga

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba binti yako amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), kwamba mama yake anataka asome udaktari, kwamba yeye mwenyewe bado hajaamua, na ukauliza kama ni vyema kumtishia kumnyima ada iwapo atachagua kozi usiyoielewa. Ninakujibu nikiwa mkulima wa viazi wa hapa Uyole, Mbeya, niliyepeleka watoto wawili chuo kikuu, wa kwanza kwa makosa na wa pili afadhali.

Wa kwanza nilimchagulia mimi. Yeye alipenda upimaji wa ardhi, lakini mimi niliketi naye katika duka la intaneti, nikamwambia kijana wa dukani ajaze uhasibu mahali pote palipotakiwa chaguo, nikalipa, tukarudi nyumbani. Mwaka wa kwanza alipata sapu, yaani mitihani ya marudio, katika masomo matatu wala hakuniambia. Nilikuja kujua alipokwisha kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikituma fedha ya chumba kwa mtu ambaye hakuwa tena mwanafunzi. Nilipomuuliza kwa nini alinificha, alisema kozi ilikuwa yangu lakini aibu ingekuwa yake. Sikuwa na jibu, na sinalo mpaka leo.

Mdogo wake naye alisoma PCB kama binti yako, akadhani anataka kuwa daktari wa mifugo. Safari hii sikubishana wala kushangilia. Ukiondoa muda wa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa wanaoitwa, kuna miezi mizuri kati ya mtihani wa Mei na vyuo kufunguliwa, nami nilimwomba ndugu yetu mmoja wa Rungwe, anayefanya kazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ampokee kwa majuma matatu. Aliamka alfajiri, akatembea kwenye matope na mvua ya kule mnayoijua, akashuhudia ng'ombe akizalishwa usiku. Aliporudi hakuzungumzia sana ng'ombe. Alizungumzia kituo cha kukusanyia maziwa: jinsi laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, inavyofichua maziwa yaliyotiwa maji, na jinsi maziwa yaliyoanza kuchacha yanavyoganda yakichanganywa na alkoholi, mfugaji akarudishiwa ndoo yake mbele ya watu. Akaniuliza, «Baba, hii kazi ya kupima vyakula husomewa wapi?» Tukaitafuta pamoja, akaomba Sayansi na Teknolojia ya Chakula pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kozi hiyo mimi sikuwahi kuisikia, na ningekuwa nimeshika kalamu kama mara ya kwanza, isingeandikwa.

Kwa hiyo mpeleke binti yako akaone siku nzima ya kazi, si ofisi wala sare. Kama mama yake ana shauku ya udaktari, mtafutieni muuguzi au tabibu atakayemweleza zamu za usiku zilivyo, na mama awepo asikilize pia. Aelezwe kwamba shahada ya udaktari ni miaka 5, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, ili aipende au aiache akiwa anajua.

Jambo la pili ni fedha, na hapa wazazi wengi wa kwetu tunaona haya. Mwambie kabla hajaomba kile mnachoweza kulipa bila kuuza shamba. Someni pamoja mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ambao huonyesha sifa na muda wa kila kozi, kisha mhesabu alama zake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Masharti ya jumla ni masomo mawili yenye jumla ya alama 4, lakini kozi za afya zinadai zaidi, na ni heri alijue hilo sebuleni kuliko kulijua baada ya kukosa nafasi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nao muuite kwa jina lake, deni, maana akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Kuhusu kumnyima ada, usifanye hivyo. Mtoto anayeogopa ada kukatwa hujifunza kuficha matokeo, na mimi nimekueleza gharama yake. Afadhali umwambie tangu sasa kwamba, akiona ndani ya majuma ya kwanza kozi haimfai, akupigie simu mapema, kwa kuwa kuhama kozi kunawezekana iwapo ana sifa na nafasi ipo, lakini dirisha lake ni fupi na hufungwa wakati mzazi aliye mbali bado anadhani mambo ni shwari.