Bao likikatishwa na giza, linaendelea kesho

Mchezo wa bao ukikatishwa na giza unaendelea kesho, ndugu, huhitaji kuanza upya wala kuacha ubao ulale nje. Andika idadi ya kete katika kila shimo, yote 32, kisha jumlisha na zilizobaki mkononi: lazima zifike 64. Zikipungua, kuna shimo mmekosea, hesabuni tena kabla watu hawajatawanyika. Picha ya simu pekee haitoshi, kete zikirundikana hazihesabiki.

Kwenye bao la kiswahili, kama bado mpo kwenye namua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza ubaoni kete za mkononi, andika pia kila mmoja ana kete ngapi mkononi, zamu ni ya nani, na nyumba ya nani, yaani lile shimo maalumu la kila mchezaji, imeshachezwa kwa kusambaza kete zake. Hiyo ya nyumba ndiyo huleta ugomvi asubuhi, maana shimo lile laweza kujaa tena kete sita au zaidi na lisiwe nyumba tena.

Sisi hapa Ng'ambo, Tabora, tunafanya hivyo na jamaa wanaofanya kazi kwa zamu. Bila hivyo tusingepata mtu wa kumaliza naye mchezo mrefu. Ila kwenye mashindano, muulizeni kwanza mwamuzi.