Nani Kapoteza Ajira?

SWALI: Katika habari za mdororo wa uchumi nasikia mara "kazi", mara "ajira". Je, maneno haya yana maana moja?

JIBU: Hapana. Kazi ni shughuli yoyote. Ajira ni kazi yenye mwajiri na malipo. Asili yake ni Kiarabu, na nduguye ni "ujira". Anayelima shamba lake ana kazi, hana ajira.

Kinachonichoma ni kitenzi tunachokibandika mbele yake: kupoteza. Serikali ikibana matumizi uchumi unapoyumba, tunasomewa: "Maelfu wamepoteza ajira kutokana na hali ngumu ya uchumi." Hebu ichambue. Watenda ni hao maelfu. Mtu hupoteza ufunguo kwa kutokuwa makini, hupoteza muda kwa uzembe. Hawa walizembea nini? Walifika kazini asubuhi, wakakabidhiwa barua. Halafu hiyo "kutokana na"! Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na kina "na" ya kumtaja mtenda: wameachishwa kazi na fulani. Ukiandika "kutokana na" unataja sababu, mtenda unamficha. Aliyetia saini barua hayumo tena kwenye sentensi. Aliyeipokea ndiye anayebeba kitenzi.

Chukua Marekani ya mwaka 1937. Uchumi ulikuwa umeanza kupata nafuu. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt, ikitaka kupunguza nakisi ya bajeti, ikabana matumizi na kupunguza watu katika miradi ya WPA, shirika lililoundwa 1935 kuwaajiri waliokosa kazi. Mwaka huohuo makato mapya ya pensheni yakaanza kukatwa kwenye mishahara, na benki kuu nayo ikaongeza akiba ambayo mabenki yalitakiwa kushikilia. Ukosefu wa ajira ukapanda kutoka takriban asilimia 14 hadi takriban 19 mwaka 1938, na Roosevelt akarudi Bungeni kuomba fedha za kutumia zaidi.

Andika kwamba Wamarekani "walipoteza ajira", na msomaji atadhani ni ukame uliopita. Andika kwamba serikali iliwapunguza wafanyakazi wa miradi yake, kwamba fedha za matumizi zilipungua mifukoni mwa watu, na viwanda vilivyokosa wanunuzi vikawaachisha wengine, naye ataona nani alifanya nini, na wapi uamuzi mwingine ungewezekana. Taarifa za bajeti zinapaswa kumwonyesha hayo hasa.

Aliyeachishwa mwenyewe akisema "nimepoteza kazi", simkosoi. Huo ni uchungu wake, na Kiswahili ni chake. Nimechoka pia kupigana na mazungumzo ya watu. Lakini mhariri wa habari na mwandishi wa taarifa za wizara siwaachii. Wana "kuachishwa", wana "kupunguzwa", wana "kusimamishwa", na kila kimoja kinaweza kufuatwa na "na" pamoja na jina la mwajiri.