Ng'ombe yupo bandani, nami nataka kupungua: niache maziwa?

SWALI: Nina miaka 34, naishi Kiboroloni, Moshi. Uzito wangu ni kilo 84, urefu sentimita 160. Nyumbani tuna ng'ombe wa kisasa, kwa hiyo maziwa hayakatiki. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, saa nne chai nyingine, saa kumi jioni chai tena na chapati moja. Kila kikombe naweka vijiko vitatu vya sukari. Usiku nakula mtindi kama nusu lita, nao natia vijiko viwili vya sukari. Mwalimu wa mazoezi ameniambia niache maziwa yote, ati ndiyo yananinenepesha. Shoga yangu anasema mtindi unayeyusha mafuta ya tumbo, niongeze. Nimsikilize nani? Na nikitoa utando wa juu, maziwa yanakuwa hayana mafuta? — Msomaji, Moshi

JIBU: Maziwa usiyaache, dada. Yapunguze, yapime, na sukari uitoe. Mwalimu wako ameona kweli kwamba kwenye meza yako ya chai kuna kinachokunenepesha, lakini kosa amelitwika maziwa peke yake. Shoga yako naye anakupa dawa ambayo haipo.

Tupige hesabu ya siku yako. Nachukulia kikombe chako ni mililita 300 na chai unaipika nusu maji, nusu maziwa. Vikombe vitatu vina mililita 450 za maziwa; ukijumlisha na nusu lita ya mtindi, unafika mililita 950 kwa siku. Maziwa yasiyotolewa mafuta yana kalori kama 65 kwa kila mililita 100, kwa hiyo hapo pana kalori 600 na ushee. Sukari: vijiko kumi na kimoja. Kijiko cha chai kilichofutwa juu kina gramu 4, lakini wengi huchota kilichojaa, ambacho hufika gramu 6. Hizo ni gramu 66, karibu kalori 260. Andazi la ukubwa wa kawaida lina kalori kama 170, chapati ya mafuta karibu 300. Maandazi mawili na chapati vinakupa 640.

Kwa hiyo sukari na vitafunwa vinakupa kalori 900, maziwa 600. Tena zile 600 zinakuja na gramu 30 za protini na zaidi ya miligramu 1,000 za madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Zile 900 zinakuja na mafuta ya kukaangia, ngano nyeupe na sukari, na njaa inarudi baada ya saa mbili.

Mtu wa umri, uzito na urefu wako, asiyefanya kazi nzito, hutumia karibu kalori 2,100 kwa siku. Ukila 1,600 utapungua kama nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha kasi itashuka kidogo kadiri mwili unavyokuwa mwepesi. Unachotafuta, basi, ni kalori 500 za kutoa kila siku.

Majaribio mengi yamewahi kulinganisha watu wanaotumia maziwa na wasiotumia, na matokeo yake yakijumlishwa yanaelekea upande mmoja. Anayeongeza maziwa juu ya chakula chake cha kawaida hapungui. Anayepunguza jumla ya chakula huku akibakiza maziwa ndani ya hesabu hupungua sawa na wengine, na katika miezi ya mwanzo mara nyingi hupoteza mafuta zaidi kidogo na kuhifadhi misuli vizuri zaidi. Sababu kubwa ni protini: inashibisha, na inaulinda msuli wakati mwili unakula akiba yake. Kalsiamu nayo hushika sehemu ndogo ya mafuta utumboni yakatoka na choo, ila ni kidogo mno, usiiwekee matumaini.

Ukiacha maziwa ghafla, kama ulivyoambiwa, kitakachotokea ni hiki. Wiki ya kwanza mizani itashuka, pengine kilo moja na nusu, nawe utafurahi. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni maji. Wiki ya pili njaa ya saa nne na ya usiku inaanza, na wengi huiziba kwa soda, juisi, andazi la tatu au ugali wa ziada. Kalori zinarudi zilipokuwa, protini haipo tena. Na kalsiamu ya gramu mia chache za maziwa si rahisi kuifidia: mchicha unayo, lakini una asidi inayoifunga isifyonzwe vizuri. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao ndio mbadala mzuri, ila inabidi uwale mara kwa mara, si siku ya sikukuu.

Sasa mpango wenyewe. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ijaze, mimina nusu yake kwenye kikombe unachotumia kila siku, weka alama. Hiyo ni robo lita. Bila alama hiyo utakuwa unakisia, na mkono wa kumiminia maziwa ya nyumbani, yasiyo na bei, huwa mwepesi sana.

Chai ya asubuhi ibaki ya maziwa, mililita 150 za maziwa ndani yake. Ya saa nne ifanye ya rangi, yenye tangawizi, mdalasini au iliki. Ya saa kumi rudia 150. Usiku mtindi robo lita badala ya nusu. Jumla ni mililita 550, karibu kalori 360. Umeokoa 250 kwenye maziwa. Ukiondoa sukari yote umeokoa 260 nyingine. Kalori 500 zimetimia kabla hujagusa andazi. Ukibadilisha na maandazi mawili yakawa yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi, unajipatia nafasi ya kuteleza siku moja moja bila kuharibu wiki.

Protini uliyopunguza kwenye maziwa, kama gramu 13, irudishe kwa mayai mawili, au kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva. Lenga jumla ya gramu 80 hadi 90 kwa siku.

Sukari usiitoe kwa siku moja. Toa nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa siku nne au tano, toa nusu nyingine. Ndani ya mwezi mmoja ulimi utazoea, na chai yenye vijiko vitatu itakukinai. Mtindi ukikushinda bila sukari, pondea humo nusu ya ndizi mbivu.

Kuhusu shoga yako: mtindi hauyeyushi mafuta ya mahali popote. Bakteria hugeuza sehemu ya sukari ya maziwa kuwa asidi, ndiyo maana unachachuka, lakini mafuta na protini vinabaki vilevile na kalori karibu hazibadiliki. Glasi ya mtindi na glasi ya maziwa uliyougandishia ni sawa. Kuukamulia ndimu au kutia tangawizi kunabadilisha ladha tu. Wala saa ya kuunywa haina uzito wowote. Kinachohesabika ni jumla ya siku. Faida ya mtindi wa usiku ni kwamba ni mzito, unakaa tumboni, na unazuia mkono kurudi jikoni saa nne usiku.

Angalia pia maziwa yanayoingia kwenye chakula. Mtori uliomaliziwa kwa vijiko viwili vya mezani vya samli umeongezewa kalori kama 230. Kitawa cha bakuli kubwa, ndizi gramu 400 na kikombe cha mtindi, kinafika kalori 600 na kitu. Hicho ni mlo kamili, hakiliwi pembeni ya wali. Ndivyo ilivyo kwa loshoro, chakula cha asili kinachotiwa maziwa mgando, kwa wasomaji wetu wa Arusha. Ni vyakula vizuri, vyenye protini ya kweli. Siku unayovila, toa mtindi wa usiku.

Utando sasa. Ule unaokunjamana juu ya maziwa yaliyochemka ni protini iliyoshikana pamoja na mafuta kiasi. Ukiutoa umepunguza kidogo, maziwa hayajawa mepesi. Kama unataka kutoa mafuta kweli, kazi hiyo ifanyike kabla ya kuchemsha, kwa sababu moto unaharibu protini zinazoyakusanya matone ya mafuta, na baada ya hapo krimu hupanda kidogo na polepole. Chuja maziwa mara tu baada ya kukamua, yatie kwenye chombo kisafi chenye mdomo mpana na kifuniko, weka kwenye friji bila kuyatikisa kwa saa 12 hadi 24. Tabaka la krimu litajitenga juu. Lichote kwa upawa, taratibu, kisha ndipo uyachemshe yaliyobaki.

Faida yake inategemea ng'ombe. Maziwa ya Friesian huwa na mafuta karibu asilimia 3.5, ya Jersey hufika 5. Lita ya maziwa yenye asilimia 4 ina gramu 40 za mafuta, yaani kalori 360. Ukichota nusu yake umetoa 180 kwa lita. Kwa mililita zako 550 unaokoa kama 100 kwa siku. Inafaa, lakini ni kazi ya kila siku, nami ningependa utangulize sukari. Kama ng'ombe wako ana damu ya Jersey, fanya yote mawili. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe maziwa yaliyotolewa krimu. Yeye anayahitaji mafuta hayo. Na krimu uliyochota isiishie kwenye mtori wako. Maziwa ya pakiti hayatoi krimu hata ukiyalaza siku mbili ikiwa kiwandani yamepitishwa kwenye mashine inayovunja matone ya mafuta yakawa madogo sana. Kwa hayo, nunua yaliyoandikwa kwamba yamepunguzwa mafuta.

Na tafadhali, usigandishe mtindi kwa maziwa mabichi, hata kama bibi alifanya hivyo. Uchachu hauui vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba wala kifua kikuu cha ng'ombe, na vyote viwili vinampata binadamu. Chemsha, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu hafifu, koroga humo vijiko viwili vya mezani vya mtindi wa jana kwa kila lita, funika, acha saa 12 hadi 24. Juni na Julai, Moshi inapokuwa na ubaridi, zungushia chombo kitambaa kizito. Ukitia mbegu, yaani huo mtindi wa jana, maziwa yakiwa bado ya moto unaiua, na kesho unakuta maziwa mepesi yenye harufu isiyoeleweka. Hayo yamwage.

Dukani kuna mitego miwili. Yogati yenye ladha mara nyingi ina gramu 12 hadi 15 za sukari kwa kila gramu 100. Kati ya hizo, 4 au 5 ni za maziwa yenyewe, zilizobaki zimetiwa. Kikopo cha gramu 250 kinaweza kuficha vijiko vitano. Mtego wa pili ni unga mweupe wa kutia kwenye chai ambao si maziwa: soma nyuma ya pakiti, ukikuta mafuta ya mboga na sukari ya glukosi vimetangulia, rudisha rafuni.

Ikiwa tumbo lako linajaa na kuunguruma saa moja au mbili baada ya chai, hiyo huenda ni sukari ya maziwa isiyomeng'enywa. Hali hiyo ni ya kawaida kwa watu wazima wengi wa Afrika, ingawa wengi wenye asili ya ufugaji hawana shida hiyo. Tumbo la gesi hupungua kufikia asubuhi. La mafuta halipungui kwa usiku mmoja. Acha maziwa wiki mbili, kisha anza na nusu kikombe pamoja na chakula, au tumia mtindi tu, kwa sababu bakteria wake husaidia kumeng'enya.

Chai yoyote, ya maziwa au ya rangi, ikae mbali na mlo kwa saa moja. Inazuia madini ya chuma kufyonzwa, na kwa mwanamke anayepata hedhi nyingi hilo si jambo dogo.

Kama unanyonyesha, usikate kalori 500 kwa mkupuo. Kama una kisukari na unatumia vidonge au sindano, zungumza na daktari wako, iwe KCMC, Mawenzi au kituo cha afya cha karibu, kabla ya kuondoa sukari, kwa maana dozi ileile inaweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo ana kipimo chake cha maziwa, apewe na kliniki yake.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya haja, kabla ya chai. Pima na kiuno kwa futikamba. Siku za kukaribia hedhi mwili hushika maji, mizani inaweza kupanda kilo moja au zaidi bila mafuta kuongezeka, hivyo linganisha wiki moja na wiki ileile ya mwezi uliopita. Ikiwa wiki nne zimepita na kiuno hakijasogea, rudi kwenye ile alama ya kikombe na kijiko cha sukari, pima upya siku tatu mfululizo na uandike kila kinachoingia mdomoni, kuanzia kile unachoonja ukipika. Utuandikie na orodha hiyo, tutaipitia.