Mshahara wa Wodini au Uhuru wa Darasani? Mimi Nilionja Vyote

Juzi dada mmoja msomaji kaniandikia: "Nafundisha chuo cha uuguzi, ratiba yangu nzuri, watoto nawaona. Hospitali wananiita, mshahara karibu mara mbili. Niende?" Niliweka simu chini nikanyamaza. Swali hilo mimi nililijibu haraka mno.

Nilikuwa mkufunzi kwa miaka sita. Wenzangu tuliohitimu pamoja wanajenga, mimi nahesabu senti. Barua ya hospitali ilipofika sikulala kwa furaha. Sikumwuliza mtu, wala sikuomba likizo bila malipo. Niliacha kazi kwa barua ya mistari minne. Dada yangu, hilo usilifanye.

Hela nilizipata, nisiwe mnafiki. Madeni yote yaliisha ndani ya miezi minane. Na mkono ulikuwa haujasahau kazi: siku ya kwanza nilipata mshipa wa bibi ambaye wawili kabla yangu walishindwa. Niliringa wiki nzima.

Ila kulikuwa na ile karatasi ya zamu, imebandikwa nyuma ya mlango wa stoo ya dawa. Imeandikwa kwa penseli, na penseli hufutika. Umemwahidi mwanao Jumapili, unafika unakuta jina lako limehamia usiku, alama za kifutio bado zinaonekana. Zamu ya saa 12 nayo haiishi kwa saa 12. Kuna kukabidhiana, kuna mafaili hayajajazwa, kuna mwenzako kachelewa na huwezi kumwacha mgonjwa ukaondoka. Halafu usiku wenyewe. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na 2019 ukarudia yaleyale. Nilikuwa nalifundisha hilo darasani kwa sauti kubwa!

Kwa hiyo usiangalie mshahara, angalia mshahara ukigawanywa kwa saa. Toa na hela ya kumlipa mtu wa kukaa na watoto usiku. Chuoni pia hesabu kwa haki, maana huo uhuru una uongo wake: kipindi cha saa moja kinaweza kukula jioni nzima ya maandalizi, na karatasi za mtihani husahihishwa usiku uleule unaoukimbia. Lakini karatasi husubiri mtoto alale. Mgonjwa hasubiri.

Hospitali omba kuona karatasi ya zamu ya miezi mitatu iliyopita, si ya mwezi ujao. Ya mwezi ujao ni maua tu. Uliza kama unaweza kushika zamu chache kwa mwezi huku ukifundisha. Na narudia, omba likizo bila malipo. Usiniulize tena kwa nini.

Basi nitakwambia. Baada ya miezi 14 nilirudi chuoni kubisha hodi. Nafasi yangu ilishachukuliwa na binti niliyemfundisha mwenyewe kutandika kitanda chenye mgonjwa. Sasa nina mkataba wa muhula mmoja mmoja, na ratiba yangu anaipanga yeye. Anapanga vizuri, sina neno. Ila anajua Ijumaa asubuhi ndiyo siku yangu na mwanangu, na muhula huu kanipa vipindi viwili Ijumaa asubuhi.